Saratani ya kifuko cha nyongo: mwongozo kwa anayeshika kisu cha kwanza

Kadi ya mgonjwa imeandikwa vidonda vya tumbo. Ukifunua nyuma unakuta taifodi, mara mbili, zote kwa kipimo cha Widal. Katikati ya karatasi hizo imekunjwa altrasaundi ya mwaka jana yenye maneno matatu tu: mawe kwenye nyongo. Mama mwenyewe ana miaka 60 na ushee, amekonda mpaka khanga inamzidi, na leo mwanawe kamleta kwa sababu macho yamegeuka manjano.

Wagonjwa wengi wa saratani ya kifuko cha nyongo hufika hivyo, wakiwa wamekwisha kutibiwa magonjwa ya watu wengine. Kwetu Afrika Mashariki si ugonjwa wa kila siku. Wanaoufahamu vizuri ni madaktari wa Chile, Bolivia na uwanda wa mto Ganga kaskazini mwa India. Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2022, waliougua walikuwa kama 122,000 na waliofariki kama 89,000. Tazama jinsi namba hizo mbili zinavyokaribiana.

Nauandika mwongozo huu kwa daktari wa hospitali ya wilaya au mkoa anayetoa vifuko vyenye mawe, na kwa ndugu wa mgonjwa atakayekabidhiwa kopo la formalini, dawa ya kuhifadhia nyama iliyotolewa mwilini, alipeleke maabara bila kuelezwa kwa nini. Dai langu ni moja: hatima ya mgonjwa huyu huamuliwa na operesheni ya kwanza, na mara nyingi operesheni hiyo hufanywa kabla mtu yeyote hajatamka neno saratani.

Nani wa kumtilia shaka

Wagonjwa wengi wa saratani hii wana mawe. Usiigeuze sentensi hiyo: wenye mawe ni wengi mno, na kati yao wanaopata saratani ni wachache sana. Kwa hiyo usimtie hofu kila mwenye mawe. Mtafute mwenye mawe na jambo jingine juu yake. Awe mwanamke aliyevuka miaka 50, maana wanawake hupata kuliko wanaume. Awe na jiwe linalozidi sentimita 3. Awe na maumivu ambayo zamani yalikuja baada ya chakula cha mafuta na kuondoka, lakini sasa yamepiga kambi chini ya mbavu za kulia usiku na mchana. Awe anakonda, amekinai chakula, au unapapasa uvimbe mgumu mahali ambapo kifuko kilichovimba kwa maambukizi kingemfanya aruke kwa maumivu.

Polipu, kiuvimbe kinachoota ndani kwenye ukuta wa kifuko, nayo ina sheria yake. Ikifika milimita 10, kifuko kitoke. Ikiwa kati ya 6 na 9, angalia umri uliozidi 60, kikonyo kama hakipo, na ukuta ulionenepa pale iliposhikia. Ukikuta mojawapo, mshauri upasuaji kama mwili wake unaumudu. Usipokuta, rudia altrasaundi baada ya miezi 6.

Kuhusu taifodi: bakteria wake wanaweza kujificha kwenye kifuko kwa miaka, hasa penye mawe, na mtu anayewabeba hivyo ana hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Lakini mbebaji si yule ambaye Widal yake “imesoma” kila akienda duka la dawa. Kipimo hicho kimewapa watu wetu taifodi nyingi kuliko bakteria wenyewe. Mbebaji hutambuliwa kwa kuotesha choo maabara.

Na akikuambia amekunywa mafuta ya zeituni na ndimu “akatoa mawe” chooni, usimcheke. Yale madonge ya kijani ni mafuta yaliyogeuka kama sabuni tumboni. Mawe yake yapo palepale, mpime.

Hatua ya kwanza: altrasaundi inayouliza swali

Mgonjwa afunge kula kwa saa 6 hadi 8 ili kifuko kijae. Kwenye fomu usiandike “tumbo, altrasaundi” ukaishia hapo. Andika unachoogopa, kwa sababu mpimaji asiyeulizwa ataona mawe na kufunga faili.

Ukuta wa kawaida hauzidi milimita 3. Maambukizi huunenepesha wote kwa usawa. Saratani huunenepesha upande mmoja, kwa vinundu visivyolingana. Mwombe mpimaji amgeuze mgonjwa ubavu: tope la nyongo husogea, uvimbe haubanduki. Atazame mstari wa mpaka kati ya kifuko na ini, ambao ukifutika ni habari mbaya. Jiwe lisilohama, lililozungukwa na nyama, ni habari mbaya vilevile. Ukuta uliojaa chokaa hauogopwi kama zamani, lakini bado ni sababu ya kumpeleka kwa mpasuaji.

Ukiona lolote kati ya hayo, usimpange mgonjwa kwenye orodha ya kawaida ya mawe. Hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Hatua ya pili: CT, na damu kwa kiasi chake

Picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ndiyo itakayosema kama kuna cha kupasua. Pima kreatinini kwanza, ujue hali ya figo. Kisha isome mwenyewe pamoja na mtaalamu wa picha, ukitafuta majibu haya: uvimbe umeingia ini kwa kina gani? Umegusa mshipa wa porta au ateri ya ini, mishipa inayopeleka damu kwenye ini, hasa tawi la kulia linalopita karibu na shingo ya kifuko? Umeshika duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) au utumbo mpana? Kuna tezi za limfu zilizovimba kando ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni? Kuna maji tumboni, vinundu kwenye utando wa tumbo, madoa kwenye ini au mapafu?

Mwenye manjano aongezewe MRI ya mirija ya nyongo. Manjano katika ugonjwa huu kwa kawaida maana yake uvimbe umeshavamia mrija mkuu, au tezi zimeubana, na wanaoweza kupasuliwa kwa lengo la kupona ni wachache mno. Wapo, hata hivyo. Jiwe lililokwama shingoni mwa kifuko na kuubana mrija huleta picha inayofanana sana, na wakati mwingine jiwe na saratani hukaa pamoja.

Alama ya damu iitwayo CA 19-9 hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa mrija wowote ulioziba. Usimhukumu mtu kwa namba hiyo. Pima bilirubini, albumini, wingi wa damu na kuganda kwake. Mwenye manjano apewe vitamini K kabla ya kisu chochote.

Hatua ya tatu: usichome sindano bila sababu

Daktari kijana hutaka kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichochukuliwa kwa sindano kikapimwe, kabla ya kila kitu, na kwa saratani nyingi yuko sahihi. Hapa sivyo. Kama CT inaonyesha uvimbe unaoweza kutolewa wote, sindano inayopita tumboni inaweza kuzimwaga seli kwenye utando wa tumbo au kwenye njia yake yenyewe, na ukageuza ugonjwa unaotibika kuwa usiotibika. Mpasue kwa shaka hiyohiyo, ukimweleza mgonjwa kwamba huenda ikawa ni uvimbe wa maambukizi sugu au hata kifua kikuu.

Kinyama kichukuliwe pale ambapo upasuaji hauwezekani tena. Hapo ni lazima, kwa sababu hakuna anayepaswa kuanza tibakemikali kwa picha peke yake.

Kwa nini kina cha milimita kinabadilisha operesheni

Ukuta wa kifuko ni mwembamba na hauna matabaka yote ambayo utumbo unayo. Ndani kuna utando laini, kisha msuli, kisha tishu legevu. Upande unaotazama tumbo umefunikwa na ngozi nyembamba. Upande ulioegemea ini haukufunikwa na kitu. Tunapotoa kifuko chenye mawe huwa tunapita kwenye ile tishu legevu, kati ya msuli na ini. Ni njia safi na isiyo na damu, na ndiyo maana tunaipenda. Lakini saratani iliyovuka msuli inaishi humohumo, kwa hiyo mkasi wako unapita katikati yake.

Ndiyo sababu ya herufi zinazoandikwa kwenye ripoti. T1a imeishia kwenye utando wa ndani. T1b imefika kwenye msuli. T2 imevuka msuli, na tangu toleo la nane la mfumo wa kimataifa wa kupanga saratani hugawanywa: T2a ni upande wa tumbo, T2b ni upande wa ini, ambao matokeo yake ni mabaya zaidi. T3 imetoboa ngozi ya nje, au imeingia ini au kiungo kimoja jirani. T4 imeshika mshipa mkuu wa porta, ateri ya ini, au viungo viwili na zaidi.

Kwa T1a, kutoa kifuko kizima chenye kingo safi kunatosha, na karibu wote hupona. Kuanzia T1b kwenda juu, kifuko peke yake hakitoshi.

Hatua ya nne: operesheni yenyewe

Kwanza uliza kama wewe ndiye wa kuifanya. Inahitaji mpasuaji aliyezoea ini, mtaalamu wa usingizi aliyejiandaa kwa damu nyingi, chupa za damu mkononi na kitanda cha uangalizi maalumu. Kikikosekana kimoja, rufaa ni tiba. Wagonjwa wetu wengine huenda mpaka India, na huko nako watauliza jambo lilelile: nani alishaingia humo ndani kabla yetu, na alifanya nini?

Anza na kamera. Tundu moja kitovuni, kisha tazama utando wa tumbo, uso wa ini, pazia la mafuta na shimo la nyonga. CT haioni vinundu vya ukubwa wa punje ya mtama. Ukivikuta, chukua kinyama, funga, na mgonjwa atarudi nyumbani mapema badala ya kuuguza kovu refu lisilo na faida.

Kama ni safi, fungua chini ya mbavu za kulia. Nyanyua duodeni na kichwa cha kongosho, uchukue tezi iliyoko kati ya aota na vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hii ifanyike mwanzoni, kabla hujakata chochote kisichorudishika. Ikiwa na saratani, ugonjwa umeshatoka nje ya uwezo wa kisu.

Kisha safisha tezi: nyuma ya kichwa cha kongosho, kando ya ateri ya ini, na zote zilizozunguka mrija wa nyongo na mshipa wa porta, mpaka mirija mitatu ibaki mitupu inaonekana. Lengo ni tezi 6 au zaidi. Chini ya hapo mtaalamu wa patholojia, anayepima nyama maabara, hawezi kusema kwa uhakika kama zimeingiliwa.

Kata kimrija cha kifuko na upeleke ukingo wake upimwe papo hapo kwa kugandishwa, kama huduma hiyo ipo. Ukiwa na saratani, mrija mkuu nao utolewe na utumbo mwembamba uunganishwe na mirija ya ini. Ukiwa safi, uache mrija mkuu. Kuutoa kwa kila mgonjwa “kwa usalama” kumeongeza madhara bila kuongeza uhai.

Mwisho ni ini. Kifuko kitoke kikiwa kimeshikamana na kipande cha ini cha sentimita 2 hadi 3 kilichokilalia, au sehemu zake za IVb na V zote. Wapasuaji hubishana juu ya hizo mbili; kwangu kilicho muhimu ni ukingo usio na saratani, na kipande kitoke kimoja. Kubana mlango wa ini kwa dakika 15 na kuachia 5 kutapunguza damu. Kukata nusu ya ini kuachwe kwa yule ambaye tawi la kulia limeshikwa, na sehemu itakayobaki inatosha.

Siku tatu za mwanzo angalia damu. Zinazofuata angalia nyongo kwenye dreni (mrija wa kutoa majimaji tumboni), homa, na manjano yanayopanda badala ya kushuka.

Ukiikuta katikati ya operesheni ya mawe

Umeingia kwa kamera kutoa mawe, na kifuko ni kigumu, cheupe, kimeng'ang'ania ini. Hapa ushujaa ni hasara. Usichane, usikwangue, wala usikate nusu ya kifuko ukaacha nusu kama tunavyofanya kwenye maambukizi makali, kwa sababu nusu hiyo ndiyo yenye ugonjwa. Nyongo inayomwagika kutoka kwenye kifuko chenye saratani husambaza seli tumboni. Kama timu ya ini haipo, piga picha, andika ulichoona, toa vyombo, funga. Mgonjwa aliyefungwa bila kuguswa bado ana nafasi yake yote.

Ukiikuta kwenye ripoti

Hii ndiyo njia ambayo daktari wa kawaida atakutana na saratani hii, kwa hiyo kaa nayo. Operesheni ilikwenda vizuri, mgonjwa yuko nyumbani anakula uji, na karatasi inafika.

Au haifiki, kwa sababu kifuko hakikupelekwa. Katika hospitali nyingi kipimo cha patholojia hulipiwa na familia, na kopo hupewa ndugu alipeleke mjini. Kopo hilo huishia dirishani. Basi fanya haya kwa kila kifuko, hata kinachoonekana hakina neno. Kitoe tumboni ndani ya mfuko, kisipite wazi kwenye tundu la ngozi. Kipasue mezani kwa urefu, kwa upande uliotazama tumbo, ukiuacha upande wa ini mzima. Kiguse kwa kidole: utando wa kawaida ni laini kama mahameli, na penye ukakasi au kinundu pana swali. Funga uzi kwenye ukingo wa kimrija ili wa maabara ajue ulipo. Weka kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, siyo kijiko cha formalini kwenye kopo la mtindi. Kisha mweleze ndugu kwa Kiswahili cha nyumbani: humu ndimo utakamojulikana ugonjwa wa mama, majibu yasipofika ndani ya wiki tatu nipigie. Uwe na daftari la vifuko vyote vilivyotumwa, na mtu mwenye jina lake anayelifuatilia.

Ripoti ikisema saratani, iulize mambo manne: kina, upande wa ini au wa tumbo, ukingo wa kimrija, na kama tezi ya karibu ilikuwemo. Ripoti isiyo na majibu hayo irudishwe; vipande bado vipo. Nawe andika bila kuficha kama kifuko kilipasuka mikononi mwako na kama ulitumia mfuko. Atakayempasua tena anahitaji ukweli huo kuliko heshima yako.

T1a yenye ukingo safi, umemaliza, mfuatilie. T1b na kuendelea, CT nyingine, kisha operesheni ya pili kukamilisha ini na tezi, mwili ukiruhusu. Kwa T2, zaidi ya nusu ya waliopasuliwa tena hukutwa na mabaki ambayo operesheni ya kwanza iliyaacha. Wakati unaoelekea kuwa bora ni wiki 4 hadi 8 baada ya ile ya kwanza: uvimbe wa jeraha umepoa, na ugonjwa uliokwisha kusambaa umepata muda wa kujionyesha kwenye picha kabla hujamtesa mtu bure. Kukata upya matundu ya kamera kulipendekezwa zamani. Sasa hakufanywi kwa kawaida.

Baada ya kisu

Jaribio la Uingereza liitwalo BILCAP, lililochapishwa mwaka 2019, liliwapa wagonjwa vidonge vya kapesitabini, mizunguko minane ya wiki tatu tatu, baada ya upasuaji. Nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 51, dhidi ya 36 kwa wasiopewa. Takwimu za kundi zima hazikufikia kipimo kikali kilichowekwa awali, lakini ndiyo tiba inayotolewa sehemu nyingi, na vidonge humezwa nyumbani. Taasisi ya Saratani Ocean Road, hospitali za Bugando, KCMC, Kenyatta au taasisi ya saratani ya Kampala ndizo za kumwelekeza. Barua yako ibebe ripoti ya patholojia, maelezo ya operesheni na picha zenyewe za CT, siyo maandishi tu. Mfuatilie kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano.

Pale kisu kisipofaa

Jaribio la ABC-02 la mwaka 2010 lilionyesha kuwa jemsitabini ikichanganywa na sisplatini huongeza muda: miezi 11.7 dhidi ya 8.1 kwa jemsitabini pekee. Dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili zimeongeza kidogo juu ya hapo, kwa bei ambayo familia nyingi hazitaiweza. Sema bei hiyo kabla hawajauza shamba.

Kabla ya tibakemikali, ondoa manjano. Stenti, kijimrija cha kuufungua mrija wa nyongo ulioziba, inayopitishwa kwa kamera ya mdomoni, au mrija unaopita kwenye ngozi hadi kwenye ini, hupunguza muwasho unaowanyima usingizi kuliko maumivu yenyewe. Tumbo likigoma kupitisha chakula kwa sababu duodeni imebanwa, njia mpya kati ya tumbo na utumbo humrudishia uji wake. Kwa maumivu, mofini ya maji kwa saa zilizopangwa, siyo anapolia, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Wataalamu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, wa Uganda wamekuwa wakiitumia hivyo tangu miaka ya 1990.

Waeleze walio nyumbani kuhusu stenti: ya plastiki huziba baada ya miezi michache, kwa kawaida kama mitatu. Homa ya kutetemeka, mkojo kuwa mweusi tena au macho kurudia manjano si malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aletwe hospitali siku hiyohiyo, aanzishiwe antibayotiki za mishipani, na stenti ibadilishwe.